Mtuhumiwa akikiri alfajiri, hadithi ndiyo kwanza inaanza: jibu kwa mtunzi wa filamu wa Lindi

Swali: Shikamoo wakili. Mimi ni mtunzi wa miswada katika kikundi cha sanaa hapa Lindi mjini. Tunaandaa filamu ya upelelezi ambayo karibu yote inatokea ndani ya chumba kimoja cha kituo cha polisi. Mlinzi wa ghala la chama cha msingi cha ushirika anatuhumiwa kumuua mnunuzi wa kangomba, yaani anayenunua korosho kwa magendo nje ya mfumo rasmi, katika msimu wa korosho, na askari wapelelezi wawili, mmoja mpole na mmoja mkali, wanamhoji usiku kucha. Alfajiri anakiri na filamu inaishia hapo. Wenzangu waliousoma mswada wanasema mwisho umepoa. Je, kisheria mambo yanaweza kwenda hivyo? Na nifanye nini ili mtazamaji asijue mapema kama mlinzi ameua au hakuua?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimeusoma mswada wako mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Wenzako wamesema kweli. Mwisho umepoa kwa sababu umelifanya ungamo kuwa kituo cha kushukia abiria wote, ilhali katika sheria yetu, na katika filamu nzuri za aina hii, ungamo ndipo safari inapoanza. Mtu akishatamka kuwa ameua, maswali mazito ndiyo yanafunguka. Amesema kwa hiari yake? Amesema kweli? Na maneno yaliyoandikwa kwenye karatasi ni yake, au ni ya aliyeshika kalamu? Swali hilo la tatu ndilo ninalotaka ulibebe katika mswada wa pili, kwa kuwa ndilo litakaloifanya filamu yako iwe ya kwetu kusini.

Tuanze na huo usiku kucha. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, iliyotungwa mwaka 1985, inaweka kipimo cha muda wa kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi. Kwa namba za vifungu ambazo sisi mawakili tumezizoea kwa miaka mingi, ni vifungu vya 50 na 51. Kipindi cha msingi ni urefu wa saa nne, kuanzia pale mtu alipowekwa chini ya ulinzi kwa kosa hilo. Nasema urefu wa saa nne, si saa nne ya usiku. Nimewahi kusoma mswada uliochanganya mambo hayo mawili, na onyesho zima likaharibika. Muda ukikaribia kwisha na upelelezi bado haujakamilika, askari anayesimamia upelelezi anaweza kuuongeza kwa kipindi kisichozidi saa nane na kumjulisha mtuhumiwa kuwa umeongezwa. Ikilazimu kupita hapo, hakimu ndiye anayeombwa.

Sasa chukua mswada wako. Mlinzi amekamatwa saa tatu usiku. Ifikapo saa saba usiku, kipindi cha msingi kimekwisha. Kikiongezwa saa nane, mwisho wake ni saa tatu asubuhi. Lakini katika kurasa zako zote hakuna mtu anayeongeza muda, na mlinzi anakiri saa kumi na moja alfajiri. Kwa maneno mengine, umeandika ungamo lililochukuliwa nje ya muda bila wewe mwenyewe kutambua, na wakili yeyote makini wa utetezi angelishika hapo hapo.

Sheria hiyo, hata hivyo, haihesabu kila dakika. Muda wa kumsafirisha mtuhumiwa hadi kituoni hauhesabiwi, wala muda wa kumsubiri wakili au ndugu aliyeitwa. Ukimkamata mlinzi kijijini Liwale wakati mvua za kwanza zimeanza, gari likakwama njiani kuelekea Lindi, hizo saa za kusukuma gari kwenye tope hazimo katika zile nne, na mabishano ya baadaye kuhusu gari lilikwama kwa muda gani ni mali kwa mtunzi. Aidha, Mahakama inayo nafasi, chini ya kifungu cha 169, ya kupima kama ushahidi uliopatikana kwa kukiuka utaratibu upokelewe au ukataliwe. Mahakama ya Rufani imepata kukubali maelezo yaliyochelewa pale ucheleweshaji ulipotokana na ugumu halisi wa upelelezi. Mahakama hiyo hiyo imepata pia kusema kwamba kumshikilia mtu mikononi mwa polisi kupita muda wa sheria kunaweza kuwa mateso ya nafsi. Soma tena hayo maneno, mateso ya nafsi, kabla hujaandika kofi hata moja.

Kwa sababu hiyo, weka saa ya ukutani ndani ya chumba chako. Usiielezee kwa maneno. Iache ionekane nyuma ya bega la mpelelezi, na katika onyesho moja tu mpelelezi mpole ageuke, aitazame, aandike jambo fupi kwenye jalada, kisha amwambie mtuhumiwa kuwa muda umeongezwa. Au asiandike, na mtazamaji aone kuwa hakuandika. Hapo mtazamaji aliyekaa kibandani Lindi anapata kujua jambo ambalo mtuhumiwa halijui, na moyo wake unaanza kwenda mbio bila mtu yeyote kupiga kelele.

Kuna kosa lingine dogo ambalo ni jepesi kulirekebisha. Anayeandika maelezo ya mlinzi katika mswada wako ni konstebo. Kwa tafsiri ya Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, ofisa wa polisi ni askari mwenye cheo cha koplo au zaidi, na ungamo linalozungumzwa katika kifungu cha 27 ni lile lililotolewa mbele ya ofisa wa namna hiyo. Mpandishe cheo awe koplo au sajenti. Au mwache konstebo kwa makusudi, kama unataka kazi yote ya usiku ule iporomoke mahakamani kwa sababu ya cheo tu.

Nimeona pia kuwa mtuhumiwa wako haonywi. Askari anatakiwa kujitambulisha kwa jina na cheo, kumweleza mtuhumiwa kosa analotuhumiwa katika lugha anayoielewa vizuri, na kumwonya kuwa halazimiki kujibu swali lolote isipokuwa kutaja jina na anwani yake, na kwamba atakachosema kinaweza kutumika kama ushahidi. Anayo pia haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Kutokana na onyo hilo ndiyo maana karatasi yenyewe tunaiita maelezo ya onyo. Mtunzi asiyejua hulipita onyo mbio kama tangazo la basi stendi, lakini lisikilize vizuri: mtu anaambiwa kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba anaweza kunyamaza, na katika kesi ya mauaji anayeambiwa hivyo anakabiliwa na adhabu ya kunyongwa hadi kufa. Mwigizaji wako akae na sentensi hiyo. Amwombe askari airudie. Mzee mmoja wa uwanda wa Makonde aliniambia kuwa aliposikia maneno "una haki ya kunyamaza" alidhani anakemewa, kwamba anaambiwa anyamaze, na akanyamaza hata pale alipokuwa na jambo la kujitetea. Mambo kama hayo huyabuni ukiwa mezani. Unayapata kwa kukaa na watu.

Sasa nije kwenye karatasi, ambayo ndiyo sababu ya mimi kukuandikia kwa urefu huu.

Miaka kadhaa iliyopita nilimtetea mkulima mmoja aliyetuhumiwa kumuua jirani yake. Nimebadilisha mambo madogo ili asitambulike, na kituo alichohojiwa sitakitaja. Maelezo yake ya onyo yalisomeka hivi: "Mnamo majira ya saa mbili usiku nilimvizia marehemu na kumshambulia kwa kitu chenye ncha kali sehemu mbalimbali za mwili wake hadi umauti ulipomfika." Nilimfuata mahabusu, tukakaa kwenye benchi, nikamwomba anisimulie jirani yake alikuwa nani. Kwa muda wote tuliozungumza alimwita shemeji. Hakuwahi kumwita marehemu hata mara moja, wala hakumwita kwa jina, kwa kuwa yule mtu alikuwa ameoa dada yake na kwa heshima hakuweza kulitaja jina lake. Nilipomuuliza kuhusu chombo alichodaiwa kukitumia, alisema nyengo, na kwa mkono akaonyesha namna inavyopinda mbele, kama mtu anayefyeka magugu chini ya mikorosho. Nilipitia kurasa zote nne za yale maelezo. Hapakuwa na neno shemeji. Hapakuwa na neno nyengo. Palikuwa na kitu chenye ncha kali.

Mahakamani sikumwambia mpelelezi kuwa ni mwongo. Nilimwomba asome sentensi ile kwa sauti, kisha nikamuuliza neno umauti lilitoka kinywani mwa nani. Akanyamaza kwa muda mrefu. Jaji aliinua macho kutoka kwenye maandishi yake. Maelezo yale yalikataliwa kwa sababu kadhaa, kubwa ikiwa ya muda, lakini mimi naamini mpaka leo kuwa ukimya ule ndio uliofungua mlango.

Unaona nilichotaka kukuonyesha? Sisi tuna Kiswahili cha jalada na tuna Kiswahili cha barazani, na kila mtu aliyekulia Lindi au Mtwara anaweza kuvitofautisha kwa sikio bila kufundishwa. Mpe mlinzi wako namna yake ya kusema tangu ukurasa wa kwanza. Aseme "lindo", aseme "kiroba", amwite yule mnunuzi kwa jina la utani alilojulikana nalo kijijini. Mtazamaji alizoee. Kisha ukifika wakati wa kusomewa maelezo yake, tusikie lugha nyingine kabisa ikitoka kwenye karatasi yenye sahihi yake. Huhitaji mhusika yeyote kusema kuwa kuna hila. Sikio la mtazamaji litamwambia.

Lakini usiifanye rahisi hivyo, kwa kuwa mpelelezi mwaminifu naye huandika lugha ya jalada, si kwa hila, bali kwa mazoea ya kazi. Sheria inataka mahojiano yaandikwe, kadiri inavyowezekana, kwa maswali na majibu kama yalivyotoka, kisha mtuhumiwa asomewe au ajisomee, aulizwe kama anataka kurekebisha au kuongeza jambo, na askari athibitishe mwishoni kuwa hayo yamefanyika. Askari aliyechoka, feni la dari limekufa, jasho la Novemba linadondokea karatasi, huyageuza majibu kumi mafupi kuwa aya moja iliyonyooka. Kwa hiyo tofauti ya lugha inaweza kumaanisha uonevu, na inaweza kumaanisha uchovu tu. Hapo ndipo shaka ya kweli inapokaa, na filamu ya aina hii inaishi kwa shaka ya kweli.

Unauliza namna ya kumfanya mtazamaji asijue mapema. Njia ninayoiamini kuliko zote ni kufuatilia habari zinavyosafiri ndani ya chumba. Ungamo huwa na nguvu pale linapokuwa na jambo ambalo muuaji peke yake angeweza kulijua. Ndiyo maana kifungu cha 31 cha Sheria ya Ushahidi kinatoa uzito kwa habari aliyoitoa mtuhumiwa ikasababisha kitu kupatikana: akisema silaha iko wapi, askari wakaenda wakaikuta, hilo ni jambo zito. Lakini je, kama jambo hilo alilipata kwa waliokuwa wakimhoji? Tuseme mnunuzi wako alikutwa na kofia yake imewekwa chini ya mkorosho, hatua ishirini kutoka mwili ulipolala. Dakika ya kumi na tano ya filamu, mpelelezi mkali, akiwa amekasirika, anasema kwa kupitiliza: "Na ile kofia chini ya mkorosho, nayo iliruka yenyewe?" Maneno yanapita, mazungumzo yanaendelea. Dakika ya sabini mlinzi anakiri, na katika kukiri anataja kofia chini ya mkorosho, na wapelelezi wanatazamana kwa ushindi. Nusu ya watazamaji wako watashinda pamoja nao. Nusu nyingine watakumbuka, na watakapotoka nje watabishana njia nzima hadi nyumbani.

Jambo hili si la kubuni. Mwaka 1955, huko Lincoln, Nebraska nchini Marekani, Darrel Parker alimkuta mke wake ameuawa. Alihojiwa kwa saa nyingi na John Reid, yule ambaye jina lake limebaki katika mbinu ya kuhoji iliyoenea sana Marekani, akakiri, kisha akalikana ungamo lake. Alihukumiwa kifungo cha maisha. Baadaye ilikuja kujulikana kuwa mtu mwingine alikuwa amekiri mauaji hayo kwa mawakili wake, na mwaka 2012 serikali ya jimbo ilimsafisha Parker na kumwomba radhi. Nchini Korea Kusini, katika mfululizo wa mauaji ya Hwaseong ambao ulikuwa msingi wa filamu ya mwongozaji Bong Joon-ho ya mwaka 2003, Memories of Murder, mtu mmoja alitumikia takriban miaka 20 gerezani kwa moja ya mauaji hayo baada ya kukiri polisi, na mahakama ikatamka Desemba 2020 kuwa hana hatia, baada ya mtu mwingine kukiri. Watu wengi hudhani kuwa asiye na hatia hawezi kukiri mauaji. Filamu yako inaweza kuwaonyesha watu wa kwetu namna inavyowezekana, hatua kwa hatua, bila kumfanya mhusika wako kuwa mpumbavu.

Ikiwa hujaiona, itafute filamu ya Kifaransa ya mwaka 1981 ya Claude Miller, Garde à vue, wakiigiza Lino Ventura kama mpelelezi na Michel Serrault kama mtuhumiwa. Iliigizwa upya mwaka 2000 kwa Kiingereza, ikahamishiwa Puerto Rico, wakiigiza Morgan Freeman na Gene Hackman. Naomba radhi kwa kufichua mwisho, lakini jibu langu linauhitaji. Karibu hadithi yote inatokea kituo cha polisi usiku wa kuamkia mwaka mpya. Mtuhumiwa ameitwa kama shahidi, na taratibu, bila mtu kutangaza, anageuka mtuhumiwa. Mwishowe anakiri mauaji ya watoto ambayo hakuyafanya. Kinachomvunja ni aibu ya nyumba yake, ndoa iliyokufa zamani, na maneno ya mkewe mwenyewe dhidi yake. Kipo kipigo katika filamu hiyo, cha muda mfupi, lakini sicho kinachomwangusha. Jifunze hapo mambo mawili. Shahidi anayegeuka mtuhumiwa ni mlango mzuri sana wa kuingilia, na katika sheria yetu ni wakati wenye uzito, kwa kuwa mtuhumiwa anastahili onyo. Na mtu anaweza kudanganya kwa nguvu zake zote kwa sababu isiyohusiana kabisa na mauaji.

Hilo la pili ndilo linalokosekana kwa mlinzi wako. Katika mswada anadanganya kuwa hakutoka lindoni, na sababu pekee ya uongo huo ni kuwa ameua. Mpe sababu nyingine. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze katika korosho mwaka 2007, ghala limekuwa mahali pa heshima na pa vishawishi: kila kilo inayoingia ina mwenyewe aliyeko kijijini akisubiri mnada. Labda usiku ule mlinzi aliacha lindo akaenda kumsaidia mdogo wake kuhamisha viroba vya kangomba, na akisema ukweli, mdogo wake atakamatwa, naye mwenyewe atafukuzwa kazi na kuwa mtu aliyewaibia majirani zake. Kila anapobanwa anachagua kuilinda siri hiyo ndogo, na kila anapoilinda anaonekana muuaji zaidi. Mtazamaji anaona wazi kuwa anaficha kitu. Hajui ni kitu gani.

Kuhusu wapelelezi wako wawili, napendekeza uwageuze. Mpole na mkali ni jozi iliyochakaa, na mtazamaji anajua mapema kuwa mkali atapiga meza. Kwa mujibu wa kifungu cha 27, ungamo si la hiari iwapo mahakama inaamini limetokana na tishio, ahadi au ushawishi mwingine mbaya kutoka kwa mwenye mamlaka. Angalia, ahadi imo. Askari anayempa mtuhumiwa maji ya kunywa, akamwita kaka, akamnong'oneza "sema tu tumalize, nitazungumza na mkubwa urudi kwa watoto wako", anaweza kuliharibu ungamo sawasawa na anayeshika rungu, na anaonekana mtu mwema wakati anafanya hivyo. Mpe mpole wako ahadi hiyo, aitoe kwa huruma ya kweli. Na mkali, kwa upande wake, awe ndiye anayefuata sheria kwa herufi, anayekataa kuandika kitu ambacho hakukisikia.

Hapo zamani tatizo hili lisingekuwapo kwa namna hii. Hadi mwaka 1980, Sheria yetu ya Ushahidi haikuruhusu ungamo lililotolewa mbele ya polisi litumike dhidi ya aliyelitoa. Yalipofanyika mabadiliko, mzigo uliwekwa kwa upande wa mashtaka: wao ndio wanaopaswa kuthibitisha kuwa lilitolewa kwa hiari. Upande wa utetezi ukipinga, Mahakama Kuu inasimamisha kesi ya msingi na kusikiliza kesi ndogo ndani ya kesi, ikihusu jambo moja tu: nini kilitokea ndani ya kile chumba. Na hata maelezo yakipokelewa, bado kuna kizingiti. Katika shauri la Tuwamoi dhidi ya Uganda la mwaka 1967, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilielekeza kuwa ungamo lililokanwa lipokelewe kwa tahadhari, na kwamba kabla ya kumtia mtu hatiani kwa ungamo hilo, mahakama iridhike kikamilifu, kwa kutazama mazingira yote ya kesi, kuwa ni la kweli. Mpaka leo shauri hilo linatajwa katika mahakama zetu.

Yote hayo huwezi kuyaonyesha, na wala usijaribu; filamu yako ni ya chumba kimoja. Ila lipo onyesho moja la sheria yetu ambalo naona ajabu kwamba sijaliona likitumiwa na watunzi wetu. Baada ya mtuhumiwa kukiri polisi, mara nyingi hupelekwa kwa mlinzi wa amani, ambaye kwa kawaida ni hakimu wa mahakama ya mwanzo, ili atoe maelezo ya ungamo kwa hiari yake, mbali na polisi. Mlinzi wa amani humwambia askari atoke nje. Hufunga mlango. Humweleza mtuhumiwa kuwa yuko mbele ya mlinzi wa amani na kwamba hana cha kuogopa. Humuuliza alikamatwa lini na wapi, usiku uliopita amelala wapi, kama kuna mtu amemtisha au amemuahidi kitu, na kama kweli anataka kusema kwa ridhaa yake. Humkagua mwili kuona kama ana majeraha. Ndipo huanza kuandika.

Mimi ningekimalizia kisa chako hapo. Alfajiri mlinzi amekiri, na watazamaji wanadhani wamefika. Asubuhi anavushwa barabara hadi ofisi ndogo yenye meza, viti viwili na dirisha linalotazama bahari. Mpelelezi mpole anabaki nje barazani; tunaona kivuli chake chini ya mlango. Hakimu, mwanamke wa makamo mwenye miwani, anafungua kalamu na kumuuliza: "Usiku uliopita umelala wapi?" Mlinzi hajalala. Anatazama kivuli chini ya mlango. Anafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu saa tatu ya usiku anasema neno lile alilomwitia yule mnunuzi tangu mwanzo, lile la utani la kijijini. Kama atasema alichokisema polisi au atasema kuhusu viroba na mdogo wake, amua mwenyewe. Ila kata picha wakati kalamu ya hakimu imegusa karatasi.

Mambo mawili ya kikazi kabla sijaweka kalamu chini. Kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 unahitaji kibali kabla ya kupiga picha, na mswada ni sehemu ya maombi yako kwa Bodi ya Filamu. Usipeleke huu wenye konstebo na muda uliopitiliza kama hukukusudia viwemo. Na Mahakama Kuu inapokuwa na vikao vya mauaji huku kusini, vikao hivyo kwa kawaida vinasikilizwa hadharani. Vaa vizuri, zima simu, keti benchi la nyuma na kundi lako zima kwa siku mbili. Usiandike mazungumzo. Sikiliza tu namna shahidi anavyosema jambo, na namna wengine mahakamani wanavyolirudia.